Mipango ya awali ya Shindano la Nyimbo la Eurovision na suala la lugha

Tarehe 24 Mei 1956, katika ukumbi wa Kursaal mjini Lugano, kusini mwa Uswisi, nchi saba za Ulaya zilishindania tuzo ya wimbo mbele ya kamera za televisheni. Zilikuwa Uholanzi, Uswisi, Ubelgiji, Ujerumani ya Magharibi, Ufaransa, Luxembourg na Italia. Kila moja ilileta nyimbo mbili. Shindano lile limeendelea tangu hapo, na mwaka 2025, liliporudi Uswisi katika mji wa Basel, lilikusanya nchi 37. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lilivyopangwa hapo mwanzo, na hasa kuonyesha kwamba waliolipanga walitunga kanuni kuhusu urefu wa wimbo, idadi ya waimbaji na kazi ya waamuzi, bali hawakutunga kanuni yoyote kuhusu lugha. Kwa mtaalamu wa isimu, pengo hilo ndilo lenye mafunzo mengi.

1. Mtandao ulitangulia nyimbo

Si sahihi kudhani kwamba wapenzi wa muziki walikutana wakatafuta televisheni ya kuwasaidia. Mambo yalikwenda kinyume. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, unaojulikana kwa Kifaransa kwa herufi UER, uliundwa mwaka 1950 katika mji wa Torquay, Uingereza, ukawa na makao yake Geneva. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kiufundi: kuyawezesha mashirika ya nchi mbalimbali kupokezana vipindi. Hakukuwa na setilaiti wakati ule. Picha ilisafirishwa kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, juu ya vilima na milima, na kila mnara ulipaswa kuuona ule unaofuata. Isitoshe, nchi hazikuwa na kipimo kimoja cha picha. Waingereza walitumia mistari 405, Wafaransa 819, na nchi nyingi za bara 625. Kwa hiyo picha ilipovuka mpaka ilibidi igeuzwe kutoka kipimo hadi kipimo, jambo lililohitaji mitambo na mafundi stadi.

Mwaka 1953 kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II kulionekana si Uingereza tu, bali pia Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi. Mwezi Juni 1954 ukafuata mfululizo wa vipindi vya pamoja, ulioanza kwa sikukuu ya maua ya Montreux na kuendelea kwa michezo ya Kombe la Dunia iliyofanyika Uswisi. Jina Eurovision lilikuwapo tayari. Mwandishi wa habari wa London, George Campey, alikuwa amelitunga mwaka 1951. Jina lilikuwa la mtandao wenyewe, wala halikuhusu nyimbo.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Mtandao uliogharimu fedha nyingi ulihitaji kitu cha kupitishwa ndani yake. Mchezo wa kandanda haukuwa na shida, kwani mpira hauhitaji mkalimani, lakini Kombe la Dunia huchezwa mara moja tu kwa miaka minne. Tamthilia ilikwama mara moja kwenye lugha. Hotuba vivyo hivyo. Wimbo ulionekana kuwa njia ya katikati: una maneno, lakini mtu asiyeyafahamu hubakiwa na sauti, ala na uso wa mwimbaji. Uchaguzi wa wimbo ulikuwa basi, tangu siku ya kwanza, jibu la swali la lugha, hata kama waliouchagua hawakulitaja hivyo.

2. Kutoka Monaco hadi Lugano

Kamati ya vipindi ya UER ilikutana Monaco mwezi Januari 1955 chini ya uongozi wa Marcel Bezençon, Mswisi aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa utangazaji nchini mwake. Hapo wazo la shindano la nyimbo baina ya nchi lilizungumzwa kwa makini. Kielelezo kilikuwa karibu: Italia ilikuwa na tamasha la Sanremo tangu mwaka 1951, lililoandaliwa na shirika la RAI na kusikika redioni, kisha kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1955. Inakubalika kwamba pendekezo lenyewe lilitoka kwa Waitalia, hususan Sergio Pugliese wa RAI. Mkutano mkuu wa UER uliokaa Roma mwezi Oktoba 1955 uliliidhinisha, na Uswisi ikapewa jukumu la kuandaa shindano la kwanza. Baina ya idhini na usiku wa Lugano ilipita miezi saba tu.

Uchaguzi wa Uswisi haukuwa wa bahati nasibu. Nchi hiyo iko katikati ya bara, na minara ya kaskazini na ya kusini ilikutana katika milima yake. Tena ilikuwa na lugha tatu za utangazaji, yaani Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano. Lugano ni mji wa Waswisi wasemao Kiitaliano. Kwa hiyo mtangazaji wa usiku ule, Lohengrin Filipello, aliendesha kipindi kwa Kiitaliano, na jina rasmi la shindano likaandikwa kwa lugha hiyohiyo.

Kanuni zilikuwa fupi. Lengo lililotajwa lilikuwa kuchochea utungaji wa nyimbo mpya zenye ubora; aliyeshindana hasa alikuwa mtunzi, si mwimbaji. Waimbaji walipaswa kuwa mmojammoja, bila makundi. Wimbo usizidi dakika tatu na nusu. Nchi zilishauriwa ziandae kwanza mashindano yao ya ndani. Okestra ilikuwa moja kwa wote. Kuhusu hukumu, kila nchi ilipeleka waamuzi wawili, wakaketi faragha mjini Lugano, kila mmoja akiupa kila wimbo alama kuanzia 1 hadi 10. Waliruhusiwa kuupigia kura hata wimbo wa nchi yao. Luxembourg haikupeleka waamuzi, na nafasi yao ikashikwa na Waswisi. Mwishowe alitangazwa mshindi tu: Lys Assia wa Uswisi, kwa wimbo wake wa Kifaransa uitwao “Refrain”. Hesabu ya alama haikutolewa wakati ule wala baadaye.

Ni rahisi kuucheka utaratibu huo leo, kwa sababu mwenyeji alishinda, waamuzi wake walipiga kura mara mbili, na karatasi hazikuonekana. Lakini wenyewe waliurekebisha haraka. Mwaka 1957, mjini Frankfurt, kila nchi ilileta wimbo mmoja. Waamuzi kumi walibaki kwao na kutoa matokeo kwa simu. Walikatazwa kuupigia kura wimbo wa nchi yao. Na ubao wa alama uliwekwa mbele ya watazamaji wote. Kanuni ya muda ilikuwa ngumu zaidi kutekelezwa. Mwaka huohuo wimbo wa Italia ulichukua zaidi ya dakika tano, ilhali ule wa Uingereza haukufika dakika mbili. Baada ya hapo dakika tatu zikawa dakika tatu kweli.

Jambo la uenyeji pia halikuamuliwa mara moja. Fikira ya awali ilikuwa kupokezana zamu. Uholanzi iliposhinda mwaka 1957 ikaandaa shindano la 1958 mjini Hilversum, na hapo desturi ya mshindi kuwa mwenyeji ikaanza kuota mizizi. Desturi hiyo imewatia wengine hasara. Uholanzi yenyewe, iliyoshinda tena mwaka 1959, ilikataa kuandaa mwaka uliofuata, na mzigo ukachukuliwa na London. Monaco ilishinda mwaka 1971 lakini haikuwa na ukumbi wa kufaa. Shindano likapelekwa Edinburgh. Ushindi wa dakika tatu humwachia mshindi deni la mwaka mzima.

3. Lugha ambayo haikuandikwa

Turudi Lugano. Nyimbo zilizoimbwa zilikuwa 14. Mbili zilikuwa za Kiholanzi, mbili za Kiitaliano, tatu za Kijerumani, na saba za Kifaransa. Yaani nusu nzima ya nyimbo ilikuwa katika lugha moja. Ufaransa ilikuwa na mbili zake. Luxembourg iliimba kwa Kifaransa mara zote mbili, kwa kinywa cha Mfaransa Michèle Arnaud, ingawa wenyeji wana Kiluxembourg chao. Lugha hiyo ilisikika katika shindano kwa mara ya kwanza mwaka 1960 tu. Ubelgiji, nchi ambayo wasemaji wengi zaidi ni wa Kiholanzi, ilileta nyimbo mbili za Kifaransa. Uswisi iligawa: moja ya Kijerumani, moja ya Kifaransa, mwimbaji akiwa yuleyule.

Hakuna kanuni iliyosababisha hali hiyo. Wapangaji walichukulia kwamba kila shirika la utangazaji ni la dola fulani, kila dola ina lugha yake, na kwa hiyo kila shirika litaleta lugha yake bila kuagizwa. Mnyororo huo una viungo vitatu: kituo, dola, lugha. Ukitazamwa kwa jicho la isimu-jamii, kiungo cha tatu ni dhaifu kupita vyote, na kati ya nchi saba za Lugano, tatu (Uswisi, Ubelgiji na Luxembourg) zilikuwa ushahidi wa udhaifu wake siku ileile ya kwanza.

Mfano wa Ubelgiji unastahili kuangaliwa zaidi, na si kwa sababu za historia ya Kongo peke yake. Utangazaji wa nchi hiyo ulikuwa na pande mbili, upande wa Kifaransa na upande wa Kiholanzi. Baada ya Lugano, pande hizo zilikubaliana kupokezana: mwaka 1957 aliimba Mflamandi, mwaka 1958 msemaji wa Kifaransa, mwaka 1959 Mflamandi tena. Zamu hiyo ndiyo iliyodumu. Hakuna aliyependekeza wimbo mmoja wenye lugha mbili, wala lugha ya tatu ya kuwapatanisha. Wabelgiji waliamua kwamba mwaka mmoja nusu ya nchi itasikiliza, na mwaka wa pili nusu nyingine. Ni suluhisho la kiofisi, lisilo na mvuto, lakini limeishi kuliko sera nyingi za lugha zilizoandikwa kwa maneno mazuri.

Mwanafunzi wa Lubumbashi hatakosa kujiuliza swali lililo karibu naye. Katiba ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa, nazo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, pamoja na Kifaransa kama lugha rasmi. Mnyororo wa kituo, dola na lugha ungekatika hapa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kilingala kingetangulia kwa nguvu ya muziki wa Kinshasa. Hata hivyo, miaka minne kabla ya Lugano, yaani mwaka 1952, Hugh Tracey alikuwa amemrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga, na sahani zake zikasikika mbali nje ya Kongo. Wimbo ulisafiri bila kupewa bendera ya dola. Wapangaji wa Monaco hawakulifikiria jambo la namna hiyo, na pengine hawakuwa na haja nalo. Wao walihitaji washiriki wanaohesabika.

4. Kanuni inaandikwa, inafutwa, inaandikwa tena

Ukimya uliendelea hadi mwaka 1965, Sweden ilipompeleka mwimbaji wa opera Ingvar Wixell, naye akaimba kwa Kiingereza. Malalamiko yakazuka. Tangu mwaka 1966 ikaandikwa kwamba kila nchi iimbe katika lugha yake mojawapo ya kitaifa. Mwaka 1973 kanuni ikaondolewa. Matokeo yalionekana upesi: washindi wa miaka 1974, 1975 na 1976 wote waliimba kwa Kiingereza, na wawili wa kwanza hawakutoka Uingereza bali Sweden na Uholanzi. Mwaka 1977 kanuni ikarudishwa, isipokuwa Ujerumani ya Magharibi na Ubelgiji ziliruhusiwa kubaki na nyimbo za Kiingereza kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kuzichagua. Mwaka 1999 ikaondolewa tena, na haijarudi.

Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ngao ya lugha ndogo. Hoja hiyo ina ukweli wake. Maneno “lugha mojawapo ya kitaifa” yalikuwa mapana, na yalifungua milango ambayo haikutarajiwa. Ireland iliimba kwa Kiayalandi mwaka 1972. Norway ilileta mwaka 1980 wimbo uliobeba mtindo wa kuimba wa Wasami. Uswisi iliimba Kiromanshi mwaka 1989. Ufaransa, nchi inayojulikana kwa ukali wake dhidi ya lugha za majimbo, ilipeleka Kibretoni mwaka 1996. Hata hivyo kanuni hiyohiyo iliwapendelea wenye Kiingereza cha kuzaliwa: Ireland ilishinda mwaka 1992, 1993, 1994 na tena 1996, na kila mara kwa Kiingereza. Sheria iliyokusudiwa kuleta usawa iliwapa baadhi lugha ambayo wengine wamekatazwa. Kwa maoni ya makala haya, hilo ndilo lililoiua, si uchovu wa wapangaji.

Baada ya 1999 Kiingereza kilitawala, lakini si peke yake. Kiserbia kilishinda mwaka 2007, Kireno mwaka 2017, Kiitaliano mwaka 2021, Kiukraini mwaka 2022.

Upande mwingine wa kanuni hauna budi kutajwa, nao ni mchungu. Mwaka 1968 Uhispania ilimteua Joan Manuel Serrat, naye akataka kuimba kwa Kikatalani, lugha yake ya mama. Utawala wa Jenerali Franco haukukubali. Serrat akawekwa kando, nafasi ikachukuliwa na Massiel, wimbo ukaimbwa kwa Kihispania, na ukashinda. Dola ndiyo iliyoamua lugha yake ni ipi, na UER haikuwa na kifungu cha kulihoji hilo. Kichekesho cha huzuni ni kwamba wimbo wenyewe unaitwa “La, la, la”: maneno yaliyogombaniwa yalikuwa, kwa sehemu kubwa, silabi zisizo na maana katika Kihispania wala Kikatalani.

5. Silabi tupu na lugha za kubuni

Silabi hizo si jambo la kupuuza. Mwimbaji aliyefungwa katika lugha isiyojulikana nje ya nchi yake alitafuta sauti ambazo sikio lolote lingezishika. Ndiyo maana orodha ya washindi ina majina kama “Boom Bang-a-Bang” ya mwaka 1969, “Ding-a-dong” ya 1975 na “Diggi-Loo Diggi-Ley” ya 1984. Mbinu yenyewe si ngeni kwa Mwafrika, kwani nyimbo za watoto na za kazi zimejaa vitakomaana vya namna hiyo. Tofauti ni kwamba hapa silabi zinaziba pengo lililoachwa na wapangaji.

Ubelgiji ilifika mbali zaidi. Mwaka 2003 kundi la Urban Trad liliimba katika lugha ambayo haipo, iliyobuniwa kwa ajili ya wimbo huo tu, na likashika nafasi ya pili. Mwaka 2008 nchi hiyo ilirudia jaribio kwa lugha nyingine ya kubuni, na safari hii haikufika fainali. La kustaajabisha ni kwamba jaribio la 2003 lilitoka upande wa Kifaransa na la 2008 upande wa Kiholanzi: kila upande ulishika zamu yake, lakini wote wawili walifikia lugha isiyo ya mtu.

6. Afrika na Kiswahili ndani ya mpango

UER haikuwa ya Ulaya peke yake. Eneo lake la utangazaji linazunguka Bahari ya Kati, na mashirika ya Afrika ya Kaskazini ni wanachama. Pamoja na hayo, ni nchi moja tu ya Kiafrika iliyowahi kushindana: Morocco, mwaka 1980, iliyomleta Samira Bensaid, naye akaimba kwa Kiarabu. Alishika nafasi ya 18 kati ya 19. Morocco haikurudi tena. Afrika iliyo kusini ya Sahara iliingia kwa mlango mwingine, kupitia watoto wake waliohamia Ulaya. Mwaka 2010 Ufaransa iliwakilishwa na Jessy Matador, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeleta mahadhi ya dansi ya Kikongo.

Kiswahili kilifika mwaka uliofuata. Norway ilimchagua Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, kwa wimbo uitwao “Haba Haba”, uliojengwa juu ya methali ijulikanayo na kila msomaji wa jarida hili: haba na haba hujaza kibaba. Sehemu kubwa ya wimbo ni Kiingereza, lakini kitovu chake ni Kiswahili. Chini ya kanuni ya 1966 wimbo huo usingeruhusiwa, kwa sababu Kiswahili si lugha ya taifa ya Norway; chini ya ukimya wa 1956 hakuna ambaye angewaza kuuleta. Uliwezekana kwa sababu mnyororo wa kituo, dola na lugha ulikuwa umekwisha kukatwa mwaka 1999.

Kwa upande wa sarufi, methali hiyo ilikuwa na bahati njema ya sauti. Silabi zake zote zinaishia kwa irabu, na irabu yenyewe karibu kila mara ni a. “Haba” linarudiwa, kisha linapata mwangwi ndani ya “kibaba”. Msikilizaji wa Oslo angeweza kulidhani ni tukufu la silabi tupu, mdogo wa “La, la, la”. Msikilizaji wa Mombasa au wa Bukavu alisikia kitu kingine: kiambishi hu- cha mazoea, kisichobeba nafsi wala wakati, na kibaba, kipimo cha nafaka ambacho Kiingereza cha wimbo hakina neno lake. Nusu-fainali ilifanyika Düsseldorf tarehe 10 Mei 2011. Wimbo haukupata kura za kutosha kuvuka, na fainali ya mwaka ule ikaendelea bila Kiswahili.